Nani Aliyemfundisha Mwalimu?

Wiki tatu zilizopita kijiwe chetu cha waandishi chipukizi karibu kivunjike. Hatukugombania mpira wala draft. Tuligombania wamisionari.

Mshikaji mmoja, ambaye mashairi yake mmeyasoma humu humu, alisimama akasema bila wamisionari sisi tusingejua hata kushika kalamu. Eti wao ndio waliotuletea maandishi, wakatutungia kamusi, na riwaya zikafuata nyuma yao kama mkia. Kabla hajakaa, mwenzake akamrukia: wamisionari walikuwa wapelelezi wa mabeberu, Biblia mkono wa kulia na bunduki mkono wa kushoto, na mwenyeji yeyote aliyewasaidia alikuwa kibaraka, basi. Makofi. Mayowe. Mzee wa kahawa akatuomba tupunguze sauti, wateja wanakimbia.

Mimi siku ile sikusema kitu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akifungua mdomo huishia kutukana. Nimekwenda nyumbani, nimekwenda maktaba, nimetulia. Sasa nasema, tena kwa maandishi ili asije mtu akanigeuzia maneno: wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja.

Yule anayemsifu mmisionari na yule anayemlaani wamemweka mtu yule yule katikati ya jukwaa. Mmoja anampigia makofi, mwingine anamzomea, lakini macho yote kwake. Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama aliyekaa pembeni yake. Hebu tufikiri, jamani. Mtu anashuka pwani ya kigeni, hajui hata kuomba maji ya kunywa. Baada ya miaka kadhaa anatoa kitabu kwa lugha ya nchi ile. Huyo ni lazima alifundishwa. Nani aliyemfundisha? Mwandishi anapaswa kuanza na swali hilo. Mengine ni ushabiki wa Simba na Yanga.

Nimechagua nchi nne makusudi, tatu za mbali na moja ya kwetu, ili asije mtu akasema hiyo ni bahati mbaya ya mahali pamoja.

MCHAPAJI WA MASSACHUSETTS

Mwaka 1663, katika mji wa Cambridge, koloni la Massachusetts, ilitoka Biblia nzima, ya kwanza kuchapwa Amerika ya Kaskazini. Haikuwa ya Kiingereza. Ilikuwa kwa lugha ya wenyeji wa pale, Kimassachusett, ambayo ndiyo lugha ya Wawampanoag pia. Jina linalotajwa kila mahali ni la John Eliot, mchungaji wa Roxbury. Sina ugomvi na Eliot. Alifanya kazi, tena kazi ya miaka mingi.

Lakini Eliot hakuzaliwa na lugha ile. Aliyeanza kumfundisha ni Cockenoe, kijana wa Long Island aliyetekwa katika vita vya mwaka 1637 akafanywa mtumishi wa nyumba ya mlowezi. Katika tafsiri alisaidiwa na mwenyeji mwingine, John Nesutan. Na kwenye kiwanda cha chapa cha Samuel Green kulikuwa na kijana wa kabila la Wanipmuc, jina lake Wowaus, aliyeingizwa kujifunza kazi mwaka 1659. Huyo ndiye aliyekuwa akipanga herufi, moja moja, kwa lugha ambayo bosi wake haijui. Waingereza wakamwita James Printer, yaani James Mchapaji. Kazi yake wakaifanya jina la ukoo.

Mwaka 1675 vita vikawaka kati ya walowezi na wenyeji. Sasa sikilizeni, nyinyi mnaopenda neno kibaraka. Wenyeji waliokwisha kubatizwa, waliokuwa wakisali pamoja na Waingereza, walisombwa wakatupwa kwenye kisiwa cha Deer, bandari ya Boston, wakati wa kipupwe. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Wowaus alishtakiwa mauaji, akaonekana hana hatia. Kisha akajikuta upande wa ndugu zake waliokuwa wakipigana, na mwaka 1676 akarudi kwa msamaha uliotangazwa. Akarudi wapi? Kwenye herufi zake. Nakala nyingi za ile Biblia zilikuwa zimeteketea vitani, ikabidi ichapwe upya. Wakati wa kazi hiyo, iliyomalizika mwaka 1685, Eliot mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba ana mtu mmoja tu anayeweza kupanga kurasa na kuzisahihisha kwa kuelewa, naye ni yule mchapaji mwenyeji. Mmoja tu! Na ukurasa wa mbele wa kitabu unamtaja Samuel Green.

Jina la Wowaus lilikuja kutokea mwaka 1709, katika kitabu cha Zaburi kilichochapwa Boston: B. Green na J. Printer. Pigeni hesabu kutoka 1659. Miaka 50.

Sasa bwana mkubwa wa mapinduzi aniambie, Wowaus alikuwa kibaraka wa nani? Wazungu hawakumwamini, ndugu zake nao walikuwa na sababu ya kumtilia shaka, na bila vidole vyake kitabu kisingetoka. Tena hadithi haikuishia hapo. Lugha ile ilifika mahali ikakosa mzungumzaji hata mmoja kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1993 Mwampanoag mmoja, Jessie Little Doe Baird, alianzisha kazi ya kuifufua. Alitumia nini? Biblia hiyo hiyo, pamoja na hati ambazo babu zake waliandika kwa mikono yao wenyewe. Leo kuna watoto wanaoisema.

KITABU NDANI YA NGOZI

Twende kusini mwa Afrika. Mwaka 1737 alifika Rasi ya Tumaini Jema mmisionari mmoja Mmoravian, Georg Schmidt. Wamoravian ni hao hao ambao mwaka 1891 walifika Rungwe, kwa hiyo wasomaji wa Mbeya wanawafahamu vizuri. Schmidt alikwenda kukaa na Wakhoikhoi mahali palipoitwa Baviaanskloof, yaani bonde la nyani. Mwaka 1742 akabatiza watu watano. Mmoja alikuwa mwanamke aitwaye Vehettge Tikkuie, akapewa jina la Magdalena.

Nani aliyekasirika? Wachungaji wa kanisa la Kidachi pale Cape. Walisema Schmidt hana mamlaka ya kubatiza. Mwaka 1744 akaondoka, na hakurudi tena.

Miaka ikapita. Mmisionari hayupo. Kwa mujibu wa rafiki yangu mshairi, hapo mambo yangekuwa yamekwisha, maana mwenye kalamu ameondoka. Mkesha wa Krismasi mwaka 1792, baada ya miaka 48, Wamoravian wengine watatu wakafika. Wakamkuta Magdalena, bibi kizee, macho yameanza kumtupa. Akatoa Agano Jipya la Kidachi alilopewa na Schmidt, limefungwa ndani ya ngozi ya kondoo. Kwa kuwa macho yake hayakuweza tena, akaitwa mwanamke mwingine, akasoma.

Mimi si mtu wa dini sana, mama yangu atawaambia. Lakini hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Karibu nusu karne mwanamke ametunza kitabu katika bonde ambalo walowezi wanamnyang'anya ardhi, hana mwalimu, hana askofu, hana mshahara. Halafu vitabu vinaandika: Schmidt alianzisha misheni. Haya, alianzisha. Aliyeiendeleza ni nani? Pale palikuja kuitwa Genadendal, na mwaka 1995 Nelson Mandela aliyapa jina hilo makazi ya rais mjini Cape Town. Jina la Schmidt utalikuta kirahisi. La Magdalena itabidi ulitafute. La Vehettge Tikkuie, jina alilopewa na wazazi wake, utatoa jasho.

MUNSHI NA MHUNZI

Bengal nitapita haraka. William Carey, fundi viatu wa Uingereza, Mbaptisti, alifika huko mwaka 1793. Husifiwa kwa lugha nyingi alizotafsiria Biblia. Sawa. Lakini Kibengali alifundishwa na munshi wake, Ram Ram Basu, mtu aliyekaa miaka mingi karibu na wamisionari na asibatizwe kamwe. Mwaka 1801, mwaka ule ule Agano Jipya la Kibengali lilipotoka Serampore, Basu naye alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu maisha ya Raja Pratapaditya, na kinahesabiwa kati ya vitabu vya kwanza vya nathari ya Kibengali kupigwa chapa. Mnaona? Huyu hakuwa mtu wa kubeba wino. Alikuwa mwandishi mwenzetu.

Na herufi zenyewe za kuchapia, zile za chuma, zilichongwa na Panchanan Karmakar, mtu wa ukoo wa wahunzi. Bila nyundo ya mhunzi yule, tafsiri ya Carey ingebaki makaratasi mezani.

SASA TUJE MOMBASA

Hapa ndipo mshairi wetu alipoteleza vibaya. Eti wamisionari walituletea kalamu.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha CMS, alifika pwani yetu mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo alimzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Tumpe heshima yake, alipata msiba mzito na hakukimbia. Lakini mwezi mmoja kabla ya msiba, Juni, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikaa na nani mezani? Na Sheikh Ali bin Muhedin, msomi mwenye asili ya Barawa. Muislamu anamwelekeza Mkristo namna ya kuusimulia uumbaji kwa Kiswahili fasaha! Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyekwisha kuandika riwaya juu ya meza ile.

Na Sheikh yule alijuaje kusoma na kuandika? Hakumngoja Krapf. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Utendi wa Tambuka una nakala ya mkono ya mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya meli ya Krapf. Krapf mwenyewe alikusanya miswada ya tenzi zetu akaipeleka Ujerumani. Sasa mtu anayekuta vitabu nyumbani kwako akavichukua kwenda kuwaonyesha wenzake, utasema yeye ndiye aliyekufundisha kuandika?

Huyo ni Krapf. Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846, wakajenga kituo Rabai. Mwaka 1853 Rebmann akaanza kuandika kamusi ya lugha ya watu wa upande wa Ziwa Nyasa, mamia ya maili kutoka Mombasa, nchi ambayo hakuifikisha miguu yake. Aliwezaje? Kulikuwa na mtumwa pale Mombasa, Salimini, aliyetolewa huko bara. Rebmann akaketi naye, akauliza neno moja moja, akaandika. Kamusi ilichapwa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufariki. Kwenye jalada kuna jina la Rebmann.

Hapo kila mmoja wetu ameze mate. Wewe unayesema kila aliyemsaidia mmisionari alikuwa kibaraka: Salimini hakuwa na mwili wake mwenyewe, uhuru wa kuwa kibaraka angeupata wapi? Na waliokuwa wakimmiliki hawakuwa Wazungu, walikuwa watu wa pwani hii hii tunayoisifia kwa utamaduni. Na wewe unayesema wamisionari walitupa kamusi: kamusi ile ilitoka kinywani mwa mtumwa. Alinyang'anywa nchi yake, akabakiwa na maneno yake, na hayo nayo akayatoa.

TATIZO NI SISI

Sasa mtasema: kumbe unataka kutuambia Wazungu waliiba. Hapana. Nendeni taratibu. Majina haya nimeyajuaje? Krapf alimtaja Sheikh katika maandishi yake. Jina la Salimini tunalo kwa sababu Rebmann aliliandika. Eliot alikiri kwa kalamu yake kwamba bila mchapaji wake mwenyeji hawezi. Wenyewe walisema, ingawa kwa sauti ndogo, ndani ya barua na dibaji. Waliowaacha humo dibajini ni sisi.

Form Two tulikariri kama kasuku: Krapf, Rebmann, Erhardt. Mtihani ukauliza Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro ni nani, nikajibu Rebmann, 1848, nikapewa vema. Hakuna aliyeniuliza juu ya Bwana Kheri, Mswahili aliyemwongoza njia nzima hadi Uchagani kwa sababu alishaijua. Wala mimi sikuuliza. Tumekuwa huru miaka yote hii, tumeandika vitabu vyetu wenyewe vya historia, na bado tunamtafuta mtu yule yule mwenye kofia.

Kwa nini jambo hili linaniuma kiasi hiki? Nitasema. Nilipomaliza Form Four nikakaa mtaani, nilipata kibarua katika ofisi moja mjini, siitaji. Nikapewa kijitabu cha kutafsiri kutoka Kiingereza. Nilikifanya usiku na mchana, nikahangaika na maneno, nikawa nawauliza kina mama sokoni wanaitaje hiki na kile. Kilipotoka, mtafsiri aliyeandikwa alikuwa mkuu wa ofisi. Mimi nikapewa nauli na nakala mbili. Nilikaa kituo cha daladala nimeshika zile nakala, nimepekua kurasa zote hadi ile ya mwisho. Kwa hiyo niliposoma habari za Wowaus sikuona mtu wa mbali. Niliona mwenzangu.

Lakini subirini, sijamaliza, na hili ndilo gumu. Ile hadithi yangu mliyoisoma katika jarida hili, ya mvuvi na mkewe, ambayo wengine mliniletea barua za pongezi, sikuitunga peke yangu. Nilisimuliwa na bibi mmoja jirani yetu, jioni tatu, akimenya mihogo. Hata ule mwisho mlioupenda ni wa kwake. Chini yake nikaandika jina langu tu. Sikumwekea hata dibaji! Krapf alinishinda mimi. Nimekwenda kumwomba radhi, akacheka, akaniuliza kama hadithi imelipwa. Haikulipwa, kama mnavyojua jarida letu. Akasema basi hakuna deni, ila kitabu nikipeleke asomewe.

Deni lipo. Kwa hiyo ninatoa hoja tatu, na ninaomba zijadiliwe kabla hatujachapa toleo lijalo. Kwanza, kila tafsiri katika jarida hili iwe na jina la aliyeifanya, si la aliyeisimamia. Pili, hadithi ikitoka kwa msimulizi, jina lake likae juu pamoja na la mwandishi, kwa herufi zenye ukubwa mmoja, akiridhia mwenyewe. Tatu, wale vijana wawili wanaotupangia kurasa na kubana pini usiku kucha waandikwe ukurasa wa kwanza. Wasisubiri miaka 50.

Na nyinyi wawili, mshairi na mwanamapinduzi, sina ugomvi nanyi. Jumamosi nitakuwepo kijiweni. Kahawa nalipa mimi. Ila kila mmoja aje na jina moja la mtu aliyekuwa mezani na mmisionari, kutoka wilaya yake au kanisa la babu yake, ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule. Asiye na jina anywe kahawa yake kimya, asikilize.